Sukari ya Guyo

Nilipokuwa mtoto kule Burat, miaka ya sabini, mchezo wetu mtamu kuliko yote ulikuwa Guyo. Alikuwa mtu mzima, mchota maji wa boma letu, lakini akili yake ilibaki ya mtoto mdogo. Tunamwuliza, "Guyo, nani aliiba jua jana?" Anacheka: "Ni mimi!" Tunamtilia sukari kiganjani, kiganja cha kushoto, maana mkono huo ndio aliotumia kwa kila kitu. Mashetani wadogo sisi!

Ndipo mnunuzi mmoja wa ng'ombe akakutwa amekufa kando ya njia ya Oldonyiro, kichwa kimepasuliwa. Wazee wakamwita Akko, bibi yangu mzaa baba, asome matumbo ya mbuzi. Akayageuzageuza, akasema, "Aliyeua anatumia kushoto." Basi. Kila mtu akamgeukia Guyo.

Polisi wakamchukua. Askari mmoja alitusimulia baadaye huku akicheka: walimwekea kikombe cha chai yenye sukari nyingi, wakamwuliza, "Nani alimuua?" "Ni mimi!" "Kwa rungu?" "Kwa rungu!" Akatia kidole gumba kwenye karatasi, akaomba chai nyingine.

Mimi nilijua ni uongo. Siku ya mauaji Guyo alishinda nasi, akitubebea mawe ya vijumba vyetu vya kuchezea. Nikamwambia Akko. Akanifinya sikio mpaka machozi yakatoka: "Nyamaza, wewe! Matumbo yanajua kuliko mtoto." Nikanyamaza. Sikio moja tu kufinywa, nikanyamaza!

Jaji akaiamini ile karatasi, wakamnyonga. Mama yake alipewa habari, maiti hakupewa.

Miaka ya themanini, nikiwa nimeshaolewa, mshirika wa yule mnunuzi aliugua sana. Alipoona anakufa alimwita imamu, akakiri kwamba walikosana juu ya mafahali wawili, na kwamba yeye ndiye aliyempiga rungu. Mtu huyo alitumia mkono wa kulia maisha yake yote. Nikamwendea Akko kwa hasira, nikamwambia yote. Alikuwa anakunywa chai. Akawaza kidogo, akasema, "Basi yule mbuzi alikuwa mgonjwa." Akanisogezea kikombe nimwongezee sukari.

Nikamwongezea. Nimewachukia sana Akko, na wale polisi, na jaji. Bado nawachukia. Lakini lile jibu Guyo hakufundishwa kituoni, alienda nalo. Nani alimfundisha?

Ni mimi.