Kiyoyozi na Msumeno Wake

"Msumeno niliuazimisha, sikuutoa sadaka," Kiyoyozi alisema, huku akilifuta jani kwa kitambaa chenye maji kama anayemwosha uso mtoto mkaidi. "Ndugu yangu alikufa, msumeno haukufa. Uko wapi?"

"Wifi, nimekwambia sijauona," alijibu mjane wa kaka yake kutoka upande wa pili wa chungu cha mti. "Nimepekua mpaka chini ya magodoro."

"Pekua na dhamiri."

Wasafishaji wakacheka chinichini. Jina la Kiyoyozi walimpa wao, kwa kuwa kila alipopita watu waliona baridi. Mlinzi wa mlangoni alidai hata kile cha umeme, cha ukutani, kilikuwa kinanyamaza kikimwona mwenzake.

Ukumbi wenyewe ulikuwa tumbo la jengo la ofisi, wazi kutoka sakafuni hadi kwenye paa la kioo. Humo, ndani ya vyungu vikubwa kama mapipa, ilisimama miti ya jamii ya mnazi na mtende isiyozaa nazi wala tende. Kazi yake ilikuwa kuwaliwaza wanaosubiri lifti. Kiyoyozi aliingia pale msichana, mshika fagio, akaolewa na ile miti, maana binadamu aliyejaribu kumposa alihama mtaa. Aliifuta vumbi. Aliigeuzageuza vyungu ili kila ubavu upate mwanga wake, na wadudu waliojigandisha chini ya majani aliwasugua kwa mswaki na sabuni.

Tena aliijua kwa miguu, si kwa majani. Majani, aliwaza, ni nguo, na nguo huazimwa. Ukitaka kuujua mti, tazama pale shina linapotoka udongoni. Ukikuta machipukizi yamejazana, huo una ukoo: kata shina lililozeeka, wadogo watapanda. Ukikuta pasafi kama kisigino, huo ni mpweke. Kichwa chake ni kimoja, na ukikikata umeua. Haya aliyajua. Kumwambia mtu ni habari nyingine.

Kaka yake alipofariki na kuacha watoto, ni Kiyoyozi aliyemwombea wifi yake kazi ya kumsaidia. Alitoa kwa mkono wa kulia, wa kushoto akaubakiza kwa masimango. Bila mshahara ule watoto wasingekula, na hilo alilisema mbele ya watoto wenyewe, wakiwa na tonge mdomoni. "Kuleni, wanangu. Asingekuwa shangazi yenu mngekuwa mnatafuna mkeka."

Kando ya lifti palikuwa na mti wenye majani yaliyochanika ncha kama mkia wa samaki, mashina yake yamesongamana. Siku moja Kiyoyozi aliamuru, "Kata lile refu."

"Hautakufa, wifi?"

"Nimesema kata."

Likakatwa, wadogo wakapanda, na wifi yake akafurahi kama aliyejifungua salama. Katikati ya ukumbi alisimama Twiga, mti mrefu kuliko yote. Naye alikuwa na majani ya mkia wa samaki, ila mguu wake ulifunikwa mawe meupe waliyomwaga wapambaji. Wifi aliona majani. Hakuna aliyemwambia ainue mawe.

Twiga akafika kwenye kioo. Meneja akapiga kelele, "Mpunguzeni huyu kabla hajatutoboa paa." Kiyoyozi alikuwa na jibu lake: Twiga hapunguzwi, anahamishwa nje. Lakini alikuwa stoo, na aliporudi alimkuta wifi yake juu ya ngazi, msumeno umeshagusa shina.

Alifungua mdomo. Neno "shuka" lilikuwa limefika kwenye meno. Ndipo akauona msumeno. Mfupi, mpini umezungushiwa mpira wa baiskeli, na fundo la mpira ule alilifunga yeye mwenyewe kwa mikono yake.

Mdomo ukafungwa. Mwenye kovu usidhani kapoa, na la Kiyoyozi lilikuwa bado linatoka maji. Alisimama pale pale, mikono nyuma, akatazama hadi kichwa cha Twiga kikaanguka sakafuni na majani yake yote ya juu.

"Wifi, ngoja, nina neno," mwenzake aliita akishuka mbiombio.

"Lihifadhi," Kiyoyozi alisema akiondoka. "Utalihitaji."

Tangu hapo hakumsemesha.

Mti wa aina hii haufi haraka, na hapo ndipo utamu wa ubaya ulipo. Majani ya chini yalibaki kijani. Kila asubuhi wifi alimwagilia, akafuta, akainua shingo kutafuta chipukizi, na Kiyoyozi alimtazama akinywa chai yake taratibu.

"Mama, Twiga kanyolewa," mlinzi alimwambia. "Nywele zitaota lini?"

"Muulize kinyozi."

Majani yakaanza kugeuka manjano, kisha kuwaangukia wageni. Meneja akawaita wote wawili.

"Nani alikufundisha kukata hivi?"

"Wifi," alisema mjane.

"Nilimfundisha ule wa kwenye lifti," Kiyoyozi alisema. "Huu hakuniuliza."

"Na ulimwona akikata?"

"Nilimwona. Mtu aliye juu ya ngazi hapigiwi kelele, bosi. Ataanguka."

Kabla ya chakula cha mchana mjane hakuwa na kazi. Hakulia. Alimtazama wifi yake kama mtu anayesoma kibao cha mtaa alioupita kwa makosa, akaenda zake.

Jumamosi alirudi, akaja mlango wa nyuma, pale panapotolewa takataka. Alikuwa na kitu kimefungwa kwenye kitambaa cha kufutia majani.

"Niliukuta nyuma ya kabati nilipokuwa nahama chumba," alisema. "Siku ile nilikuja nao nikukabidhi. Nikamsikia meneja anafoka juu ya Twiga, nikasema moyoni, magoti ya wifi na ngazi haviivani. Acha nimkatie kwanza, ndipo nimpe."

Kiyoyozi aliupokea. Alipitisha kidole kwenye meno ya msumeno, mahali utomvu ulipogandia. Mdomo usiokosa jibu ulitafuta, ukaokota hili:

"Watoto wamekula?"

"Hilo hukunidai. Ulinidai msumeno." Mjane akachukua kitambaa chake, akakikunja. "Sasa hatudaiani."

Akaondoka na hakugeuka. Kiyoyozi akarudi ukumbini, kwa kuwa meneja alitaka mti mkavu utoke kabla ya Jumatatu. Akapiga yale magoti yake mabovu, akaondoa mawe meupe, moja moja, mpaka mguu wa Twiga ukaonekana, msafi kama kisigino. Kisha akaanza kukata.