Ugonjwa Mfupi

Sokoni nikifungua kinywa kuuliza bei ya majani ya sombe, muuzaji hushtuka kwanza: "Mama, nani amekufwa?" Simlaumu. Kwa miaka mingi nimesoma komunike, yaani matangazo ya vifo, kwenye redio moja ndogo ya Lubumbashi. Kwetu msiba usiotangazwa redioni ni nusu msiba. Shangazi aliye Mokambo atajuaje kwamba apande gari? Na sheria ya kazi ilikuwa moja tu: maneno ni ya wafiwa, msomaji hagusi hata nukta.

Sheria hiyo niliivunja mimi. Nasema mapema, nisije nikajipamba.

Asubuhi moja alikuja mjane kutoka mtaa wa pembezoni, kitambaa cheusi kichwani, karatasi ameikunja mara nne. Mumewe alikuwa ametapika na kuharisha siku mbili, ya tatu akazima. Mjane alikuwa ameandika: "Amekufwa juu ya mayi ya foraji yetu. Bantu baache kuikunywa."

Foraji ni kisima cha pampu, na hicho wakubwa walikuwa wamekifungua majuzi kwa utepe na ngoma. Tangu mtaa uanze kuyalalamikia maji yake, bwana mmoja wa serikali alikuwa akipita kila asubuhi kusoma daftari langu kabla yangu. Mtu mpole, anasalimia vizuri, anaulizia na watoto. Upole wa namna hiyo hunichefua kuliko matusi.

Alifuta sentensi ya maji, akaandika juu yake "ugonjwa mfupi". Direktere wetu akanivuta kando.

"Mama, soma tu ile. Ukisoma ingine, kesho radio inafungwa, na weye unalala ku kasho ya polisi."

"Na bantu benye kukunywa?"

"Serikali itaangaria."

Nikasoma ugonjwa mfupi, mara tatu kwa siku, kwa sauti ile ile ninayosifiwa. Niliomba umeme ukatike. Umeme wa mji huu, unaokatika hata bila sababu, siku hiyo uliketi kama mgeni asiyejua kuaga.

Siku ya maziko mjane alituma watu waniite. Desturi yetu ni kwamba kabla jeneza halijatoka, mtu husimama kueleza ugonjwa wa marehemu, ulivyoanza hadi pumzi ya mwisho, ili pasibaki minong'ono ya uchawi. Aliniomba nisome mimi, watu wote wasikie vizuri. Nikajua ananipa nafasi ya pili, na niliapa njia nzima kwamba nitaisema.

Chini ya hema, mstari wa pili wa viti, yule bwana mpole alikuwa ameketi, simu ameiinua. Nilishika mikro ya kipaza sauti. Karatasi ya mjane mkononi mwangu ilisema maji. Kinywa changu kikasema, "Marehemu alipatwa na ugonjwa mfupi."

Mjane alisimama. Hakunisukuma. Aliichukua ile mikro kama unavyompokea mwenzako mzigo uliomlemea.

"Ni mayi," akasema. "Mayi ya foraji yetu. Alikunywa asubuyi, mangaribi akaanza kutapika. Bamama, muache kuteka pale."

Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia, maneno mengine hayakutoka vizuri. Yalitosha. Jioni ile hakuna mwanamke aliyeteka maji pale. Walikwenda mtaa wa pili na bidoni zao vichwani. Kazi hiyo redio nzima ilikuwa imeshindwa.

Nilimfuata nyuma ya nyumba kuomba radhi.

"Mama, shina kasirani na weye," akasema. "Uko na batoto. Miye, kitu ya kuogopa ilishakwisha."

Heri angenitukana. Kesho yake wakubwa wa bwana mpole walimwita ofisini kwao, wakamketisha kutwa nzima. Akarudi, akaendelea kusema.

Mimi bado nasoma komunike. Bwana mpole bado anapita. Lakini siku ile ya maziko, nilipofika nyumbani, nilijifungia bafuni nikaisema sentensi ya mjane yote, kwa sauti kamili ya redio. Ilitoka vizuri sana, neno kwa neno.

Mume wangu akagonga mlango, polepole.

"Mama, teremsha sauti," akanong'ona. "Bajirani batasikia."