Betri ya King'ora cha Mwandoya

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Bariadi, Mkuu wa Karakana alinikabidhi multimita, kifaa cha kupimia umeme, akaniambia, "Binti, sola kila mtu anaiona. Wewe utaangalia betri. Jua likikosekana, hiyo ndiyo inayobaki."

Nilianzia kwenye vituo vya kupima mvua upande wa Lagangabilili, nikisugua kutu kwenye vichwa vya betri na kufukuza sisimizi ndani ya masanduku. Baadaye nikapewa mtambo wa Mwandoya, unaopima kina cha mto. Maji yakipanda, unapiga king'ora ili walio bondeni wahame.

Huko nilimkuta Mzee Masanja, mfugaji. Mto ulimchukua mkewe kabla mtambo haujafungwa. Kila nilipofika alikuja. "Mwangaluka," tunasalimiana, kisha anauliza, "Kitalia kweli?" Nakijaribu kidogo, anasikia, anarudi kwa ng'ombe wake.

Masika moja wingu liligoma kuondoka. Kwenye kompyuta ya ofisi niliona volti za Mwandoya zikishuka. Betri ilikuwa imechoka, haitunzi chaji. Nikamfuata Mkuu wa Kanda.

"Barabara imekatika, mama. Gari halipiti."

"Linifikishe hapo linapoishia."

Alinitazama, akachukua ufunguo, akaendesha mwenyewe.

Tulipokwama nikampigia Mzee Masanja. Akaja na mkokoteni wa maksai. Tuliifunika betri mpya kwa turubai, tukasukuma kwenye tope sote watatu, Mkuu wa Kanda kakunja suruali. Nilipoifunga, taa ya kijani ikawaka. Jioni ile king'ora kikalia. Kaya za bondeni zikapanda na watoto na ndama. Nyumba zilikwenda na maji. Watu walipona wote.

Asubuhi mzee akaniambia, "Wabeja, mayu. Asante sana, mama." Kisha akasema taratibu, "Kingekuwepo wakati ule, mke wangu angekisikia."

Niliketi naye kwenye mkokoteni mpaka alipotaka mwenyewe kuinuka.

Sasa nimestaafu. Mafundi wapya hunipigia kuuliza betri gani inastahimili joto la kule. Nawaeleza. Halafu nawaomba wasikimbilie gari wakimaliza kazi. Karibu na kila mtambo kuna mtu anayeutegemea. Wamtafute, waketi naye, wamsikilize.