Kanyiva Hataki Kesha

Kanyiva hakufukuzwa, alirudisha funguo za basi la shule mwenyewe. Alikuwa amesinzia kidogo kwenye taa za kuongozea magari za Jogoo Road, watoto ishirini na wanane nyuma yake, mmoja wao Celine wangu. Tangu amzike mumewe, Mwanzia, alikuwa hapati usingizi wa zaidi ya saa mbili. Shule ikamwambia ana hadi muhula ujao: apone, au basi lipate dereva mwingine.

Sisi akina mama wa kanisa, jirani zake hapa Makongeni, tulijua dawa. Tukamfanyia kesha. Naam, mtu hapati usingizi, nasi tukamwendea saa tatu usiku na kayamba, ngoma na thamosi tatu za chai ya tangawizi, tukamwimbia mpaka alfajiri. Alipopiga miayo tukasema pepo anatoka! Wiki iliyofuata tukarudia. Leo naona haya, lakini wakati ule nilijiona mtumishi hodari.

Kumbe alikuwa ameenda zahanati. Muuguzi alimpa masharti: aamke saa kumi na moja alfajiri kila siku, awe amelala au hajalala, mchana asijilaze, chai mwisho saa sita mchana. Usingizi ukikataa asigaegae kitandani, akae kitini sebuleni mpaka macho yawe mazito. Sisi tukaona taa yake inawaka usiku wa manane, tukaamua amezidiwa, tukapanga kesha la tatu.

Safari hii mlango ulikuwa na komeo. Kanyiva alichungulia dirishani.

"Rudini nyumbani."

"Dada, usimzuie Bwana," akasema Norah, mwenyekiti wetu.

"Bwana simzuii. Nawazuia nyinyi. Mkitaka kuniombea, kujeni mchana. Nimemzika Mwanzia, sawa. Lakini basi langu silipotezi kwa sababu ya kayamba zenu."

"Na hii chai?" nikauliza.

"Kunywa wewe, Mama Celine."

Akavuta pazia. Tuliudhika, tukamnunia mwezi mzima. Hakujali. Usingizi wake ulirudi kwa kusuasua, saa tatu, saa nne, usiku mwingine hata lepe hapati, na bado saa kumi na moja ungesikia anafagia uani kwa hasira.

Usiku wa kuamkia siku ya kufungua shule tulikesha kwa Norah, tukiwaombea watoto safari njema. Nilifika nyumbani alfajiri, nikajiegesha kidogo tu kwenye kochi. Honi ya basi ndiyo iliyonigutusha. Nikamburura Celine hadi barabarani, viatu kavaa kinyume, mimi mwenyewe kanga nje ndani.

Kanyiva alikuwa kwenye usukani, macho maangavu kabisa. Akanitazama juu mpaka chini.

"Mama Celine, ulilala kweli?"

"Tulikuwa tunaliombea basi," nikasema.

"Asanteni. Mimi nililala."

Akafunga mlango, akaondoka na mtoto wangu.