Kituo Nilichokipa Nafasi ya Kwanza

Mimi ni mtafiti wa chuo kikuu, daktari wa hesabu, si wa dawa. Kazi yangu ni kupima jinsi vituo vya afya vinavyotumia wauguzi na vitanda vyao, kisha kupendekeza kipi kiongezewe na kipi kipunguziwe. Mwezi uliopita nilijiaibisha, na leo naungama.

Kituo kimoja kidogo upande wa Wamunyu kilivishinda vyote. Kilikuwa na wauguzi wawili tu, lakini wagonjwa wake walitoka wodini haraka kuliko kwingineko. Sikwenda kukiona. Niliamini jedwali langu, nikaandika kwamba hapo hata muuguzi mmoja angetosha, wa pili apelekwe kwingine.

Siku ya kusoma ripoti mjini Machakos nilivaa tai mpya. Nilimwita mbele Sista Mwikali, msimamizi wa kituo hicho, na ukumbi ukampigia makofi. Nikamwomba awaeleze wenzake siri ya kuwaponya watu upesi.

Hakutabasamu. Alishika maikrofoni kwa mikono miwili.

"Daktari, hao hawakupona," alisema polepole. "Tangu tangi ipasuke hatuna maji. Mama akija kujifungua tunamwandika kuwa amelazwa, halafu tunamtafutia gari aende hospitali kubwa."

Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, kama wote walifika salama.

"Si wewe ndiye uko na hesabu?" akanijibu. "Mimi nilikuwa nataka kukuuliza."