Barua Niliyoifuta

Mkoa wa Manyara ulipokuwa mpya, bado tunaandika Arusha kwenye bahasha kwa mazoea, mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari hapa Katesh na msimamizi wa orodha ya barua pepe. Kazi hiyo sikuiomba. Shule ilikuwa na kompyuta moja iliyounganishwa na waya wa simu, na ufunguo wa chumba chake nilikuwa nao mimi. Orodha ilikuwa ya watoto wa Hanang na Mbulu waliotawanyika vyuoni na makazini. Ukituma barua moja pale, inawafikia wote: fulani amefiwa, kule Dirma mvua imegoma, harusi imesogezwa.

Kisha zikaanza barua taka. Dawa za nguvu za kiume, bahati nasibu ambazo hatukucheza, na zaidi ya zote yule mzee tajiri: yuko kitandani, hana muda, anataka kukukabidhi urithi wake, jibu haraka. Zilipita kwenye orodha yetu kana kwamba sisi ndio tumezituma. Wanachama wakanijia juu. Mmoja aliniuliza kama mshahara wa ualimu haunitoshi mpaka nimeanza kuuza dawa, na nilinuna siku tatu nzima. Kibaya zaidi, mashine za barua za vyuo na maofisi zikaanza kutukataa. Unatuma tangazo la msiba jioni, asubuhi unakuta limekurudia mara arobaini.

Nikasema sasa basi. Nikapanga kwamba barua ya mtu asiye mwanachama isipite mpaka niikague mwenyewe. Kila siku baada ya vipindi nilikaa pale nikifuta. Mimi si mvumilivu, na sijawahi kujifanya. Nilisoma mstari mmoja, nikafuta, nikasoma mwingine, nikafuta. Na niseme ukweli, nilikuwa nafurahia.

Jumanne moja ikaja barua isiyo na kichwa, kutoka anwani nisiyoijua. Hii niliisoma yote, kwa kuwa ilikuwa fupi. "Shikamooni. Mwambieni aje haraka. Mzee yuko kitandani, hana muda. Anataka kumkabidhi mji. Ni mimi mke wake." Anayeitwa hana jina, mzee hana jina, mke naye hana jina. Nikacheka peke yangu. Kumbe matapeli nao wameshajifunza Kiswahili. Nikafuta, nikaenda kunywa chai.

Alhamisi saa nne nikaitwa kutoka darasani. Nje alikuwa amesimama mama mmoja wa Kidatoga, vumbi limempanda hadi magotini. Alikuwa ametembea kutoka kijiji cha Gendabi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mama, karibu."

"Nimekuja kuuliza kama mume wangu amejibu."

Sikuelewa, akanieleza taratibu. Mumewe anasoma chuo cha mifugo huko kusini. Simu ya chuo haipokelewi. Alipoondoka alimwachia anwani ya orodha yetu kwenye karatasi, akamwambia ukituma hapo nitapata. Jumanne alikuja mjini, mwenye duka la intaneti akamwandikia maneno aliyoyasema. Mzee anamtaka mwanawe mkubwa ili amwekee mkono kichwani, ambariki, amwachie maneno ya mji, yaani ya boma lote. Hayo hayapokelewi na mtu mwingine.

"Sasa mbona hukuweka majina?" nikamuuliza kwa ukali, kana kwamba kosa ni lake.

Akatazama chini. "Mwalimu, yule ni baba mkwe wangu. Nitamtajaje?"

Mimi nimezaliwa Mbulu kwenye mashamba ya juu, lakini Wadatoga nimekaa nao maisha yangu yote. Nilijua fika kwamba mke hatamki jina la baba mkwe, na jina kamili la mume limebeba la baba yake ndani, kwa hiyo nalo halitamki. Jambo hilo ningeweza kulieleza darasani bila kufungua daftari. Siku ile ya Jumanne halikunijia hata kidogo.

Mwanafunzi wa chuo kile kwenye orodha alikuwa mmoja tu, na jina lake kamili lilikuwa na la baba yake na la ukoo. Nikamwandikia palepale, mama amesimama nyuma yangu. Baada ya dakika chache barua ikarudi: chuo kilikuwa kimetufungia mlango kwa sababu ya zile takataka. Nikatuma tena, ikarudi tena. Mama hakuwa anajua kusoma, lakini uso wangu aliusoma. "Imegoma?" akauliza. Nikamwambia twende. Tukakatiza sokoni karibu tunakimbia hadi lile duka la intaneti. Laini ikakataa kushika mara tano. Jasho lilikuwa linanitoka, na mwenye duka nikamfokea bure. Iliposhika nikatuma kwa kutumia anwani ya duka, na kwenye kichwa cha barua nikaandika jina la mzee, la ukoo na la kijiji. Safari hii haikurudi.

Jibu likaja Ijumaa asubuhi: "Nimeisoma. Napanda basi sasa hivi." Njia ile ni siku mbili. Mzee alifariki Jumamosi alfajiri. Mwanawe alifika Jumapili, akakuta wameshazika.

Wiki iliyofuata alikuja shuleni. Kijana mpole, amenyolewa kichwa. Alinisalimia kwa heshima zote, nikampa kiti.

"Mke wangu anasema alituma Jumanne," akasema. "Mtambo ndio uliichelewesha?"

Ningeweza kusema ndiyo. Mtambo ulikuwa pale mezani, na kila mtu alijua ubovu wake.

"Hapana," nikasema. "Ilifika Jumanne hiyo hiyo. Niliisoma yote, nikaicheka, nikaifuta."

Nilitamani anitukane.

"Basi mwalimu," akasema, "naomba unitoe kwenye orodha."

Akasogeza kiti karibu na kioo cha kompyuta ili aone. Mashine ikaniuliza kama nina hakika nataka kufuta, nikabonyeza ndiyo.