Nanga Aliyekataa Kuzama

Kwa miaka tisa walimwita Nanga, na jina lilimkaa. Alikuwa mzamiaji wa bwawa la maji ya mji, mwembamba kama mpini wa jembe. Kazi yake ilikuwa kushuka mita kumi na nne kusafisha wavu wa chuma unaozuia takataka zisiingie kwenye bomba kuu. Huko chini ameshakuta matawi, magunia, viatu vya mguu mmoja mmoja, na siku moja godoro zima, ambalo hadi leo hakuna aliyejitokeza kueleza lilifikaje.

Maji ya bwawa hilo yana baridi ya kung'oa meno, kwa hiyo wazamiaji huvaa suti kavu: vazi zito lenye mpira wa kubana shingoni na mikononi, maji hayaingii, na ndani unavaa nguo za joto. Ubaya wake ni kwamba linabeba hewa. Ukijitosa nalo hivi hivi, utaelea kama jerikeni tupu. Ndiyo maana mzamiaji hujifunga vipande vya risasi, yale madini mazito, na anayegawa vipande hivyo ni mtunza stoo.

Mtunza stoo alikuwa mama mtu mzima ambaye hajawahi kulowesha hata kifundo cha mguu bwawani. Lakini akikutazama mara moja kupitia dirisha lake, juu hadi chini, kama fundi cherehani anayempima mteja mwongo, alikutajia kilo zako na mahali pa kuzifunga. "Wewe kumi na nne, na mbili kati ya hizo zipande mgongoni, maana miguu yako inazama kabla yako. Na vuta tumbo nikuone, usinifiche." Kila mtu aliandikwa ubaoni kwa chaki. Mbele ya jina la Nanga palisomeka 12.

Halafu Nanga akamwoa binti yake.

Hapo ndipo hesabu ilipoharibika. Utavutaje tumbo mbele ya mama mkwe? Nanga akawa anafika dirishani na kuamkia huku amekitazama kizima moto cha ukutani. Mama naye, mwenye jicho lisilokosea, kwa mkwewe akalihamishia jicho hilo kwenye rafu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kumi na mbili zako hizo hapo."

Wakaachana, kila mtu na ukuta wake. Miaka miwili ikapita hivyo. Katika miaka hiyo binti alimpakulia mumewe kama anayelisha timu nzima pamoja na wachezaji wa akiba, na kilo sabini na moja zikawa themanini na nane. Mwaka huu baridi ilipozidi, akamnunulia na suruali ya pili ya sufu, avae juu ya ile ya kwanza. Nyama laini inaelea, na sufu imejaa hewa. Chaki ubaoni bado ilisema 12. Hakuna aliyegundua, maana Nanga alishuka kwa kujivuta na kamba, na akifika chini alikumbatia wavu kama ndugu aliyepotea.

Jumanne akaja mkaguzi na mtihani wa mwaka: shuka, fanya kazi mpaka mtungi wa hewa ukaribie kuisha, kisha panda hadi kina cha mita tatu na utulie hapo dakika tatu bila kushika kitu. Anayeanguka anapewa nafasi moja tu ya kurudia. Akianguka tena, anahamishiwa kusoma mita za maji mitaani. Na msoma mita wa sasa alikuwa amekaa pale kwenye benchi, suruali imeshonwa sehemu mbili, akisubiri kwa hamu kupata mwenzake wa kugawana mbwa.

Nanga alishuka vizuri. Lakini hewa nayo ina uzito, na mtungi unapokwisha, mtu anakuwa mwepesi. Kufika mita tatu akaanza kupaa, taratibu, bila kupenda, kama puto la harusi. Mkaguzi, aliyekuwa amezama naye, alimdaka mguu, wakapaa wote wawili.

"Ijumaa," mkaguzi alisema, akijifuta pua.

"Nanga gani hii?" alidakia Redio, mzamiaji mwenzake, aliyepewa jina hilo kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. "Hiki ni kizibo!"

Nyumbani mke wake alimwambia, "Si umuulize mama? Kazi yake hiyo."

"Nimuulize mama yako? Ataanza na uzito wangu, atamalizia na nguo zangu za ndani."

"Basi kasome mita."

Jumatano akajitibu mwenyewe. Mama alipokwenda kunywa chai, alijichotea kilo ishirini na nne na kuzifunga zote kwenye mkanda mmoja wa kiunoni. Alizama kama mfuko wa saruji. Kwa hofu akabonyeza kitufe cha kuingiza hewa kwenye suti, akabonyeza tena. Mkanda ulikuwa unavuta kiuno chini, hewa ikakimbilia miguuni, na Nanga akapinduka. Kilichotokea juu ya maji kwanza ni nyayo mbili, zimesimama wima, kana kwamba kuna mtu anatembea upande wa pili wa dunia. Mama alirudi na kikombe chake, akaziona. Akageukia rafu.

Ijumaa asubuhi Nanga alisimama dirishani na Redio ubavuni.

"Redio, mwambie mama naomba risasi."

"Mama, mkweo anaomba risasi."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Muulize siku hizi ana kilo ngapi."

"Nanga, una kilo ngapi?"

"Mwambie nimeongezeka kidogo."

"Mama, anasema amenenepa vibaya sana."

"Sijasema hivyo!"

"Muulize ndani amevaa nini."

Redio aligeuka, meno yote nje. "Nanga, mama mkwe wako anataka kujua..."

"Nimesikia!"

Kutoka ukingoni mkaguzi akaita jina lake. Nanga akamtazama msoma mita, ambaye alimsogezea nafasi kwenye benchi. Akavuta pumzi, akakipa mgongo kizima moto.

"Mama, nina kilo themanini na nane. Ndani nimevaa suruali mbili za sufu. Ya pili kaninunulia binti yako."

Mama akaiacha rafu, akamgeukia.

"Na tumbo, baba?"

"Lipo, mama."

"Sogea hapo kwenye mwanga."

Akampima sasa, juu hadi chini, deni la miaka miwili. Kilo kumi na mbili alizipanga kwenye mkanda wenye kamba za mabegani, usiteleze chini ya tumbo. Tano akazifunga juu kwenye mtungi. Nusu kilo kila kifundo cha mguu, hewa isipate pa kukimbilia. Kisha akamfuata hadi ngazi za bwawani, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, akamwingiza majini na mtungi uliokaribia kuisha.

"Toa hewa ya suti. Pumua kawaida, usipige mguu. Maji lazima yafike usawa wa macho."

Maji yalipanda kidevuni, puani, yakasimama machoni. Na kwa kuwa kinachopimwa ni macho, mama alichuchumaa akayatazama. Mkwe naye, aliyefungwa kilo kumi na nane, hakuwa na ukuta wa kugeukia.

"Sasa toa pumzi."

Nanga alizama polepole, miguu kwanza, akimtazama mama mkwe wake mpaka maji yakafunga.

Alibadilishiwa mtungi, akafanya mtihani, akatulia mita tatu kama picha ukutani. Msoma mita alirudi kwa mbwa wake peke yake. Mama akafuta 12, akaandika 18.

Jumapili Nanga na mkewe walikwenda kula kwa mama. Sahani ilipofika ya tatu, Nanga aliifunika kwa kiganja.

"Imetosha, mama."

Mama alimtazama, juu hadi chini, midomo ikihesabu kimoyomoyo.

"Kula, baba. Risasi zipo."